Swali Ambalo Mama Hakuuliza

Kimbo ni mahali pa mjengo. Tangu Barabara Kuu ya Thika ipanuliwe na kuzinduliwa mwaka 2012, mashamba mengi kati ya Ruiru na Juja yamekatwa ploti, na kwenye ploti zimeota nyumba za kupangisha. Asubuhi utapishana na malori ya mawe ya Ndarugo, mikokoteni ya simiti na pikipiki zilizobeba mabomba. Anayefungua hadiwea hapa hakosi wateja. Kinachomsumbua ni mtu wa kumwachia kaunta.

Tumchukue mama mmoja mwenye duka la namna hiyo. Alitaka kufungua tawi la pili, kwa hiyo akatafuta mtu wa kuuza na kupakia oda wakati yeye hayupo. Alibandika karatasi mlangoni, na Jumatatu wakaja wawili: dada mmoja na kijana mmoja. Waliketi kwenye benchi wakingoja, maana wateja hawakukatika.

Wakiwa pale, fundi aliingia kuulizia mabati ya geji 30. Mbeba mizigo akavuta bati moja kutoka stoo. Yule dada akanyanyuka, akapapasa ukingo wake kwa vidole viwili, akainama kusoma maandishi ya pembeni.

"Fundi, samahani. Hii ni 32. Ukiinunua kwa bei ya 30 umeumia."

Fundi akamshukuru, bati likabadilishwa. Mama aliona yote hayo, akaendelea kuandika risiti.

Zamu ya dada ikafika.

"Mwanangu, umeolewa?"

"Hapana, Mama."

"Una mtoto?"

"Ninaye mmoja, ana miaka miwili."

"Akiugua si utanifungia duka?"

"Nyanya yake yuko nyumbani, Mama."

"Na kwenu hasa ni wapi?"

Akajibu. Mama akamwambia atapigiwa simu. Hakuulizwa amewahi kufanya kazi wapi, kwa hiyo hakupata nafasi ya kusema kwamba alikuwa ameuza vifaa vya ujenzi Juja kwa miaka.

Kijana aliingia na diploma ya biashara, shati lililonyooka na barua ya mchungaji. Mama akamwambia ajieleze. Akajieleza kwa ufasaha: ana bidii, anavumilia presha, anaelewana na kila mtu. Alipoulizwa udhaifu wake, akasema anapenda kazi kupita kiasi. Mama akacheka kwa furaha, akamwambia aanze kesho yake.

Wiki chache baadaye, mteja aliyekuwa akijenga ploti alipiga simu akaomba mabati mazito kuliko yote yaliyomo dukani. Mama alikuwa safarini. Kijana alitazama namba: 28, 30, 32. Akaona namba kubwa ndiyo bati zito, akapakia 32. Kumbe kwenye mabati mambo ni kinyume: namba ya geji inavyopanda, ndivyo bati linavyozidi kuwa jembamba. Mwenye nyumba alipofika Jumamosi, nusu ya paa ilikuwa imeshapigiliwa, na bati lililotobolewa kwa misumari halirudi dukani. Mama alilipia mabati mengine, usafiri na siku za fundi. Pesa za tawi la pili ziliishia juu ya paa la mtu.

Kijana aliachishwa kazi. Hakuwa mwizi wala mvivu. Alikabidhiwa kazi ambayo hakuna aliyemuuliza kama anaijua, na yeye mwenyewe hakujiuliza.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hilo hutokea kila mahali ambapo mahojiano ya kazi yamegeuzwa mazungumzo ya kufahamiana. Mwajiri hupima ulimi, akaajiri ulimi, kisha akategemea mikono. Mwaka 1998 wanasaikolojia Frank Schmidt na John Hunter walichapisha majumuisho ya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Walikuta kwamba mahojiano yaliyopangwa, yale ambayo kila mwombaji huulizwa maswali yaleyale yanayotokana na kazi na kupewa alama kwa kipimo kimoja, hutabiri utendaji vizuri kuliko mazungumzo ya kiholela. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walipiga hesabu hizo upya. Mahojiano yaliyopangwa yakawa juu ya orodha nzima, na vipimo vya ujuzi wa kazi yenyewe vikayafuata kwa karibu. Yale ya kiholela yaliachwa mbali sana.

Hata kwenye ofisi kubwa, swali lisilohusu kazi hupenya. Mwaka 2011 Tume ya Huduma za Mahakama iliwahoji hadharani waliotaka kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, na Willy Mutunga akaulizwa kuhusu kipini alichovaa sikioni. Alisema wazi kwamba hangekivua ili apate cheo. Aliteuliwa, akaapishwa Juni mwaka huo, akahudumu hadi 2016. Sikio lake halikuwa na lolote la kuonyesha jinsi atakavyopima ushahidi au kuandika hukumu, kama vile mtoto wa yule dada hakuwa na lolote la kuonyesha kuhusu mabati.

Tena maswali ya Mama yalikuwa na hatari ya kisheria. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinakataza ubaguzi dhidi ya mfanyakazi na hata anayetafuta kazi, iwe kwa jinsia, ujauzito, kabila au hali ya HIV. Mwombaji akilalamika, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakukuwa na ubaguzi humwangukia mwajiri. Aliyeuliza "umeolewa?" na "kwenu ni wapi?" kabla ya kumnyima mtu kazi atakuwa na kibarua kigumu cha kujieleza.

Basi mwenye duka, mwenye hoteli, mwenye karakana, kabla hujabandika karatasi mlangoni, keti uandike mambo matatu ambayo mtu unayemtafuta atayafanya kila siku, na makosa yatakayokutia hasara kubwa. Maswali yako yatoke humo. Wa hadiwea aulizwe: kati ya geji 28 na 32, ipi nzito? Mteja akitaka mkopo nami sipatikani kwa simu, utafanya nini? Mpe oda halisi aipange mbele yako. Waulize wote maswali yaleyale, umwandikie kila mmoja alama papo hapo kabla hujamwita anayefuata. Mpigie simu mwajiri wake wa zamani. Na usitegemee kipindi cha majaribio kikufanyie kazi hiyo. Sheria inakuruhusu kuanza na hadi miezi 6, lakini Mama alipata hasara yake ndani ya wiki chache.

Nawe unayetafuta kazi, usikariri majibu ya kila mtu. Siku moja kabla ya mahojiano, ingia kwenye duka la aina ileile, tazama kinachouzwa, umwulize muuzaji ni kosa gani linalowasumbua wageni. Kuuliza si ujinga. Kijana yule angefanya hivyo angejua habari ya geji bila kulipa hata shilingi. Usichokijua, kiseme, na useme utakavyojifunza. Kama umewahi kuifanya kazi hiyo, usingoje kuulizwa: taja ulipoifanya, uliuza nini, na nani anaweza kukushuhudia. Ukiulizwa kuhusu ndoa au kabila, jibu kwa heshima kwamba ungependa kueleza unavyoiweza kazi, kisha ieleze.

Ajira nyingi hapa Kimbo hutolewa kaunta, katikati ya wateja, bila fomu wala jopo. Hilo si kosa, kwa sababu mahojiano mazuri hayahitaji ofisi. Yanahitaji mwajiri aliyekwisha kujua anatafuta nini, ili anayefaa akisimama mbele yake ameshika bati, amtambue.