ULIMI WETU NA NGOZI YA BINTI ZETU

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wetu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake wote.



Ijumaa hii tunazungumza juu ya binti zetu wanaofuata masomo ya juu hapa Bunia, wa Chuo Kikuu cha Bunia, wa ISP na wa vyuo vingine. Kila mara tunawasema kwa ajili ya mavazi. Leo tuangalie ngozi iliyo chini ya mavazi, kwa sababu wengi wanaichubua. Pesa ya kununua silabusi inakwenda kwenye kikopo cha mafuta. Msichana akipiga picha, simu inamng'arisha uso, kisha akitazama kioo anajiona amepungukiwa.

Ndugu Muislamu, jiulize: nani alimfundisha kwamba amepungukiwa? Hakuna mtoto anayezaliwa akiichukia rangi yake. Anaisikia nyumbani, mashangazi wanapombeba mdogo wake na kusema, "Huyu ni mzuri, ni mweupe." Anaisikia kwa kijana wetu anayetafuta mchumba, ambaye swali lake la kwanza ni rangi, la pili ni umbo, na swala anaiuliza mwisho, ikiwa anaikumbuka. Anaisikia kwa wenzake: huyu mnene, yule mwembamba kama fimbo, yule mweusi mno. Na akishajichubua, watu walewale wanamcheka tena, kwamba uso ni Fanta na vidole ni Coca. Akiwa mweusi anachekwa, akiwa mweupe anachekwa. Apite wapi?

Sasa tujue ni kitu gani anachojipaka. Katika mafuta haya mna dawa iitwayo haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta mabaka meusi yasiyotoka. Mengine yana dawa kali za steroidi, ambazo daktari huzitoa kwa ugonjwa na kwa siku chache. Zikizidi, ngozi inakuwa nyembamba, inapasuka mistari, na kidonda kinachelewa kupona. Mengine yana zebaki. Sisi watu wa Ituri zebaki tunaijua. Ni yale maji mazito ya rangi ya fedha ambayo wachimbaji huko Mongbwalu wanashikia nayo dhahabu, kisha wanayachoma motoni. Zebaki inadhuru figo na mishipa ya fahamu, na kwa mama mjamzito inamfikia mtoto tumboni. Kenya ilikataza mafuta ya namna hii tangu mwaka 2001, na Rwanda iliyasaka madukani mwishoni mwa 2018. Mwaka 2023, mataifa ya Mkataba wa Minamata yaliamua kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki viondolewe ifikapo 2025. Lakini uamuzi wa mkutano hauwezi kumlinda binti yako ikiwa maneno ya nyumbani kwako yanamsukuma dukani.

Dini yetu haikatazi uzuri. Usafi, hina, wanja na mafuta mazuri ya ngozi, vyote vina nafasi yake kwa mipaka ya sheria. Kilichokatazwa ni kuuharibu mwili ambao ni amana, na kuugeuza umbo wa Mwenyezi Mungu kwa kuuona haufai. Suratur-Rum inatufundisha kuwa tofauti za rangi zetu ni katika ishara za Mola wetu. Anayeidharau rangi, je, anamdharau msichana peke yake?

Na katika Suratul-Hujurat tumekatazwa kudharauliana, na wanawake wametajwa wao wenyewe. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwamba Bi Aisha (r.a.) aligusia ufupi wa Bi Safiyya (r.a.). Mtume (s.a.w.) akamweleza kuwa neno lile lingechanganywa na maji ya bahari, lingeyaharibu. Neno moja tu, juu ya kimo cha mtu! Na maswahaba walipocheka miguu myembamba ya Abdullah bin Mas'ud, Mtume aliwaambia kwamba katika mizani ya Akhera miguu ile ni mizito kuliko mlima Uhud.

Ndugu zangu, mji wetu una sababu zaidi ya kuogopa ulimi wa namna hii. Katika vita vya 1999 hadi 2003, watu wa Ituri walipimwa kwa pua, kwa urefu na kwa rangi, na wengine hawakurudi nyumbani. Tulioona hayo hatuna ruhusa ya kucheka umbo la mtu na kusema ni mchezo.

Basi nini tufanye?

Baba, msifu binti yako kwa akili yake, kwa adabu yake, na pia kwa sura aliyopewa na Mola wake. Akilisikia neno hilo kwako, halitamlevya akilisikia njiani.

Mama, acha kupima watoto wako kwa weupe, na ikiwa wewe mwenyewe unajichubua, elewa kwamba anakutazama.

Kijana, unapokwenda kuposa, anza na dini na tabia. Na mkeo asisikie kutoka kwako kwamba wa jirani ni mweupe zaidi.

Mfanyabiashara, faida ya kitu unachojua kinadhuru haina baraka.

Na wewe dada yetu msomi, hatukukuita hapa tukuaibishe. Ikiwa umetumia mafuta haya kwa muda mrefu, nenda kwa daktari akuonyeshe namna ya kuyaacha, kwa sababu kuacha ghafla dawa kali kunaweza kukuumiza. Siku ngozi yako itakapoanza kurudi, wenye ulimi watasema. Na sisi tuliosikia hotuba hii, siku hiyo tuwe upande wako.

Ewe Mola wetu, zitengeneze nyoyo zetu, zuia ndimi zetu, na uwape binti zetu kuridhika na ulivyowaumba. Amin.

Wabillahi tawfiq.