Kushika na Kuachia

Nguvu ni sifa inayotamaniwa na kila kijana. Ukimwomba mmoja wao akuonyeshe nguvu zake, aghalabu atakunja mkono, akaze ngumi, na kukungoja uusifu msuli uliotuna. Hatakunjua kiganja. Kwa fikira za wengi, nguvu ni kushika, kukaza na kuvuta. Kuachia ni dalili ya unyonge. Je, fikira hiyo ni ya kweli? Tuichunguze pamoja, ewe msomaji, na shahidi wetu awe msuli wenyewe, maana hapana kiungo kijuacho zaidi kazi ya kukaza.

Mwili wa binadamu una misuli zaidi ya 600 inayotii hiari yake. Ajabu ya kwanza ya misuli hiyo ni kwamba huvuta tu, haiwezi kusukuma. Hata usukumapo mlango, ndani ya mkono wako misuli inavuta mifupa. Kwa sababu hiyo misuli mingi imepangwa ili kazi ya mmoja ipingwe na kazi ya mwingine. Msuli wa mbele ya mkono wa juu hukunja kiwiko, na msuli wa nyuma hukinyosha. Ukikaza mmoja, mwenziwe sharti ulegee kwa kadiri ya haja. Yote miwili ikikaza kwa nguvu zilizo sawa, mkono husimama pale pale ukitetemeka, na jasho hutoka bila ya kazi kufanyika. Basi hata tendo dogo la kuinua kikombe cha chai ni mapatano baina ya anayevuta na anayekubali kuvutwa.

Ajabu ya pili imo ndani zaidi. Mwaka 1791 Luigi Galvani, mtaalamu wa Bologna katika Italia, alichapisha habari za miguu ya chura iliyoshtuka kwa umeme, na watu wakaanza kufahamu jinsi msuli unavyoamshwa. Lakini namna msuli unavyofupika ilibaki fumbo kwa muda mrefu. Mwaka 1954 Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, na kwa upande mwingine Hugh Huxley na Jean Hanson, walitoa jibu moja. Ndani ya msuli mna nyuzi nyembamba na nyuzi nene, zimepangwa kama vidole vya mikono miwili vinavyoingiliana. Msuli unapokaza, nyuzi hizo hazifupiki. Huteleza na kupishana. Nyuzi nene zina vichwa vidogo ambavyo hushika uzi mwembamba, huuvuta, huuachia, kisha huushika tena mbele kidogo.

Umewahi kumwona baharia akivuta kamba ya nanga? Mkono mmoja hushika, mwingine huachia na kushika mbele zaidi. Baharia asiyetaka kuachia mahali aliposhika kwanza hawezi kupandisha nanga hata akiwa na mikono ya chuma. Ndivyo ulivyo msuli: kila hatua ya kuvuta hufuatwa na hatua ya kuachia.

Sasa sikiliza neno ambalo ndilo kiini cha insha hii. Kuachia huko si bure. Kichwa cha uzi mnene hakiwezi kubanduka mpaka kipate akiba ya nguvu ambayo seli hutengeneza kutokana na chakula, nayo wataalamu huiita ATP. Mtu anapokufa, akiba hiyo hukoma kutengenezwa, na baada ya saa chache viungo vyake hukakamaa. Havikukakamaa kwa kuwa na nguvu nyingi. Vimekakamaa kwa kukosa nguvu za kuachia. Maiti hushika kuliko mtu aliye hai, lakini nani atamsifu kwa hodari wake?

Ugonjwa wa pepopunda nao ni ushahidi wa namna hiyo. Sumu ya vijidudu vilivyoingia katika jeraha huzizuia neva zenye kazi ya kuituliza misuli. Misuli ikosapo wa kuituliza, taya hubana, mgongo hupindika, na misuli ya pumzi huweza kumsaliti mwenyewe. Hapo kukaza kusikokuwa na mpaka kumekuwa adui wa uhai. Moyo nao, ambao hupiga mara 100,000 hivi kwa siku, hujaa damu wakati unapolegea. Usipolegea, hauna cha kusukuma.

Yamkini utasema: ikiwa kuachia ni nguvu, basi mvivu ndiye hodari kuliko sote. La, hasha. Mguu uliovunjika ukifungwa plasta kwa majuma kadhaa, hutoka umekonda, kwa kuwa msuli usiotumika hupungua. Asiyeshika kitu hana cha kuachia. Mvivu hakuachia kazi, hakuishika kamwe. Nguvu ninayoisema ni ya yule awezaye kushika, na akajua saa ya kuachia. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa muda wa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Waliomtazama waliona miguu inayofanya kazi kubwa, na uso uliotulia kama wa mtu asiyekimbia. Hakupoteza nguvu kwa kukunja uso ambao haukuwa na kazi ya kufanya.

Ni kweli kwamba msuli haujui jema wala baya. Mkono uandikao barua ya kuomba radhi na mkono upigao kofi hutumia nyuzi za namna moja. Mwili hautuamrii maadili. Kazi hiyo ni ya akili na dhamiri. Lakini mwili unatuondolea kisingizio kimoja: hatuwezi tena kusema kwamba kuachia ni kazi ya wanyonge.

Basi, siku mwenzako atakapokutukana mbele ya darasa, na ngumi yako ikajikaza yenyewe, ujue kwamba kuikaza ni hatua ya kwanza tu, na kila msuli unaiweza. Hatua ya pili ndiyo inayotaka akiba. Chuki iliyoshikwa mwaka mzima, hoja iliyokwisha shindwa ambayo mwenyewe bado anaing'ang'ania, na cheo ambacho muda wake umepita, vyote hivyo ni misuli iliyokakamaa. Wahenga walinena: asiyekubali kushindwa si mshindani. Shika kwa bidii lililo jema, na uweke akiba ya kutosha moyoni ili saa ya kuachia ikifika, mkono wako uweze kufunguka.