Mgonjwa Haulizwi Uji

Bibi yangu hakuwa na subira na mgonjwa mwenye maswali. Ukilala na homa anakuja na bakuli la uji wa ulezi, anakuinua kichwa kwa mkono wa kushoto, na kabla hujapata nafasi ya kusema hutaki, kijiko kimeshaingia. "Mgonjwa haulizwi uji," anasema, na mjadala umekwisha. Methali hii nimeipenda miaka mingi kwa sababu ina huruma ndani yake: anayekupenda hangoji ruhusa ndipo akusaidie. Siku hizi inanitia mashaka. Kuna mambo mawili inayachukulia kuwa yameshajulikana: kwamba uji unamfaa mgonjwa, na kwamba aliyeshika kijiko ana hakika na hilo.

Kilichonitia mashaka ni dripu.

Aliyewahi kulaza mtoto katika hospitali zetu anaijua hadhi ya dripu. Mtoto akitundikiwa maji, mama anashusha pumzi. Asipotundikiwa, mama atamfuata nesi hadi mezani kwake: "Sista, mbona wangu hamjamtundikia?" Ile chupa inayoning'inia ni ushahidi kwamba kuna jambo linafanyika. Na si akina mama tu. Vitabu vya udaktari vilifundisha hivyo hivyo kwa miaka mingi: mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake haizunguki sawasawa aongezewe maji mengi, haraka. Kumtambua ni rahisi. Unambonyeza ukucha wa kidole mpaka unakuwa mweupe, unaachia, kisha unahesabu. Damu ikirudi mara moja, vizuri. Ukifika tatu na ukucha bado mweupe, mikono na miguu ya baridi huku kifua kinachoma, mtoto yuko hatarini. Mishipa inakosa maji, basi mpe maji. Nani angebisha?

Daktari wa watoto Kathryn Maitland na wenzake hawakubisha. Walitaka tu kuthibitisha. Hospitali nyingi za kwetu hazikuwa zikitoa maji hayo ya haraka, kwa uhaba wa vifaa na wa watu, na ushahidi mzuri ungesaidia kuzishawishi serikali zigharamie. Kati ya Januari 2009 na Januari 2011, katika hospitali sita, Kilifi nchini Kenya, Teule ya Muheza mkoani Tanga, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda, waliingizwa watoto 3,141 katika jaribio lililopewa jina la FEAST. Wote walitibiwa ugonjwa uliowaleta, na wote walipata maji ya kawaida ya kukidhi mahitaji ya mwili. Tofauti ilikuwa moja. Kundi moja liliongezewa maji ya chumvi kwa kasi, la pili likaongezewa albumini kwa kasi, la tatu halikuongezewa. Mtoto gani aingie wapi, hilo liliamuliwa kwa kura iliyokuwa ndani ya bahasha iliyofungwa.

Walikusudia kufikisha watoto 3,600. Hawakufika. Kamati huru iliyokuwa ikichungulia hesabu wakati kazi inaendelea iliamuru wasimame. Ndani ya saa 48, katika kila watoto 100 ambao hawakupewa maji ya haraka walikufa 7. Katika kila 100 waliopewa, walikufa 10 na ushei, yawe maji ya chumvi au albumini. Huruma ya dripu ilikuwa inaondoka na watoto watatu zaidi katika kila mia.

Kuna takwimu nyingine ndani ya jaribio hilo ambayo hunikosesha raha kuliko hiyo. Saa moja baada ya kuanza, watoto 43 katika kila 100 waliopewa maji walikuwa wameondokewa na zile dalili za hatari. Kwa wasiopewa walikuwa 32. Yaani ukisimama kando ya kitanda na kubonyeza ukucha, ungeona damu inarudi, vidole vinapata joto, na ungeapa kwa Mungu wako kwamba maji yanaponya. Usingekuwa unasema uongo. Nesi wa miaka thelathini kazini angeapa hivyo hivyo, na uzoefu wake wote ungekuwa upande wako. Kifo kilikuja baadaye, usiku au kesho yake, na kikija katika wodi ya watoto wenye homa kali hakuna anayekihusisha na chupa. Tunasema ugonjwa ulikuwa umeshamzidi.

Hapa ndipo ninapoona jaribio la tiba si jambo la wataalamu peke yao. Linagusa swali la kale: tunajuaje tunachokijua? Jicho linaona mtoto aliyepewa maji akapata nafuu. Haliwezi kumwona mtoto huyo huyo, usiku huo huo, bila maji. Kila mmoja wetu anaishi mara moja, na njia ambayo hatukupitishwa haina shahidi. Kura inatafuta namna ya kuliziba pengo hilo: inagawa watoto wengi wanaofanana, wengine huku, wengine kule, ili kundi zima lipate lile ambalo mtoto mmoja hawezi kulipata, yaani kuishi mara mbili.

Lakini kura! Watu wengi neno hili linawachoma, na ninawaelewa. Tunapiga kura kugawana mafungu ya samaki, si watoto mahututi. Wasomaji wa Kurani na wa Biblia wanaikumbuka kura ya jahazini iliyomwangukia Nabii Yunus, ambaye wengine wanamwita Yona. Wale mabaharia walidhani kura inazungumza, kwamba kuna anayejua mwenye makosa ni nani na atamtaja kupitia kwayo. Kura ya wodini ni kinyume cha hiyo. Inatakiwa isiseme kitu, isimjue mtoto, isimpendelee mtoto wa mwalimu wala yule anayeonekana atapona kwa vyovyote. Daktari akiruhusiwa kuchagua, atampa maji anayemhurumia zaidi, kisha hatutajua kilichomponya ni maji au ni ile nguvu iliyomfanya daktari amwone ana matumaini. Bahasha ni bubu kwa makusudi. Daktari anayeifungua anakiri kwa mikono yake jambo ambalo madaktari wachache huweza kulitamka mbele ya mzazi: sijui.

Mwaka huo huo wa 2011, matokeo ya FEAST yalipochapishwa, nchi yangu ilikuwa inaongea habari ya kikombe. Magari yalipanga foleni ndefu katika barabara ya vumbi iendayo Samunge, Loliondo, ambako mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila alitoa dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Walikwenda wakulima, walikwenda mawaziri. Sina haja ya kumdhihaki marehemu, wala waliokwenda; mwenye kansa anayeambiwa hospitali imeshindwa ana haki ya kwenda popote. Ninachokumbuka ni namna tulivyothibitisha. Fulani kanywa, sukari yake imeshuka. Jirani kanywa, anatembea. Aliyesimama kutoa ushuhuda alikuwa ni yule aliyerudi. Waliofia foleni magazeti yaliwaandika kidogo, na waliokufa majumbani miezi sita baadaye hawakuhesabiwa na mtu. Wafu hawasimami kutoa ushuhuda, ndiyo maana katika FEAST kulikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kuwahesabu. Wenye makoti meupe wasijione bora sana katika hili. Kabla ya FEAST, dripu yao kwa watoto hawa nayo ilisimama juu ya ushuhuda wa walionusurika.

Turudi kwenye uji, kwa sababu sehemu ya pili ya methali ni ngumu zaidi. Mgonjwa *haulizwi*. Sheria za majaribio zinasema lazima aulizwe, na kuna sababu ya damu nyuma ya sheria hizo. Huko Tuskegee, Alabama, tangu 1932 hadi 1972, wanaume weusi karibu 400 wenye kaswende waliachwa bila tiba ili watafiti waone ugonjwa utaishia wapi. Hata penisilini ilipojulikana kuwa inaitibu, walifichwa. Huku kwetu hatukuhitaji kusikia habari za Alabama ili tushuku. Pwani nzima ina hadithi za mumiani, na gari la mradi likija kuchukua damu ya vipimo bado wapo wanaowaita watoto ndani. Lugha yenyewe ina tahadhari. "Wanatujaribia" hatulisemi kwa furaha, na neno "majaribu" tunalitumia kwa masaibu.

Lakini utamwulizaje mama ambaye mtoto wake anakata roho? Katika FEAST, pale ambapo muda haukuruhusu, mzazi alielezwa kwa ufupi na kuombwa ridhaa ya mdomo. Maelezo kamili na saini vikaja baadaye, hali ilipotulia. Nimejaribu kujiweka mahali pa mama huyo. Sidhani ningesikia hata sentensi moja. Ningesema ndiyo kwa lolote. Kuiita hiyo ridhaa ni kulinyoosha neno mpaka karibu likatike. Na bado sioni njia nyingine: jaribio lisipofanywa kwa watoto mahututi, watoto mahututi wataendelea kutibiwa kwa kubahatisha, tena kwa bahati isiyoandikwa popote.

Na wale waliopewa maji wakafa? Wengi wao, kama wangefika hospitali isiyo na mradi, wasingepewa, umaskini ungewakinga. Hili nimelizungusha kichwani mara nyingi na sijalipatia mahali pa kukaa. Hakuna aliyewadanganya. Siku ile bahasha inafunguliwa, mtu mwenye akili timamu angechagua maji kwa mwanawe. Kosa silioni, lakini deni ninaliona. Na deni hili lililipwa kwa kusuasua: wataalamu wa mbali walianza kusema labda ni malaria, labda ni hospitali zisizo na mashine, ingawa madhara yalionekana kwa wenye malaria na wasio nayo. Shirika la Afya Duniani lilifika 2016 ndipo likarekebisha mwongozo wake. Aliyezoea kushika kijiko ni mzito kukiweka chini.

Tunadaiwa na wengi, nao hatuwajui kwa majina. Anayetibiwa kifua kikuu leo kwa miezi 6 badala ya 18 anadaiwa na wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia waliokubali kujaribiwa dawa za muda mfupi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mtoto wa malaria kali anayechomwa artesuneti badala ya kwinini anadaiwa na watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika, ambao matokeo yao yalitoka 2010.

Huenda siku moja nawe ukaletewa fomu ya ridhaa ya jaribio, wewe au mwanao, katika hospitali yoyote. Usiikimbie, na usiitie saini kwa kumwonea haya daktari. Mwulize swali moja kabla ya mengine yote: dawa hizi mbili, ninyi wenyewe hamjui ipi ni bora? Akikujibu kwamba hawajui, keti umsikilize. Akikujibu kwamba wanajua, mrudishie kalamu yake.