Langlois, Keroka na swali la kukumbuka

Henri Langlois alizaliwa Izmir mwaka 1914 katika familia ya Kifaransa, akafia Paris mwaka 1977. Ni mmoja wa waasisi wa ukusanyaji wa filamu za zamani, na kazi yake ilizua upya swali ambalo dini na falsafa hazijaacha kuliuliza: je, kukumbuka ni kutunza kitu, au ni tendo linalofanywa na walio hai?

Alianza akiwa kijana, wakati filamu za sauti zilipokuwa zimezifukuza filamu bubu sokoni. Wenye mali hawakuona sababu ya kuzihifadhi, na nyingi ziliyeyushwa ili kupata madini ya fedha yaliyomo ndani yake. Langlois alizinunua, akaziomba, akazirundika nyumbani kwa wazazi wake hadi kwenye beseni la kuogea. Mwaka 1936, pamoja na Georges Franju na Jean Mitry, alianzisha Cinémathèque française. Utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 unaonyesha alikuwa akishindana na nini: kati ya filamu ndefu bubu zipatazo 11,000 zilizotengenezwa Marekani, zilizosalia katika umbo lake la awali ni asilimia 14 tu.

Aliyepingana naye alikuwa mhifadhi mwenzake, Ernest Lindgren, msimamizi wa kwanza wa hifadhi ya filamu ya taifa iliyoanzishwa London mwaka 1935. Kwa Lindgren, nakala iliyobaki peke yake haikupaswa kugusa projekta, kwa kuwa kila onyesho huikwaruza. Langlois alishikilia kwamba filamu isiyotazamwa imekwisha kupotea, hata kama imo kabatini. Akaonyesha alichokuwa nacho, jioni baada ya jioni, na miongoni mwa vijana waliokuja kutazama walikuwamo François Truffaut na Jean-Luc Godard, waongozaji filamu wa baadaye. Serikali ya Ufaransa ilipomwondoa katika uongozi wa Cinémathèque Februari 1968, watengenezaji filamu waliandamana mitaani, na Aprili akarudishwa. Lakini uangalifu wake ulikuwa na mapengo. Filamu za zamani za nitrati huwaka hata pasipo hewa, na moto wa mwaka 1959 uliteketeza sehemu ya alichokusanya.

Biblia inazijua pande zote mbili. Katika sura ya 16 ya Kutoka, mana iliyowekwa hadi asubuhi iliingia mabuu na kunuka, kwa maana ilitolewa iliwe siku ile. Ila katika sura hiyo hiyo Musa anaagiza pishi moja liwekwe mbele za Bwana, ili vizazi vijavyo vione chakula cha jangwani. Cha kutumiwa kina haki yake, na cha kuwekwa kina haki yake pia. Lindgren alilinda lile pishi. Langlois aliwalisha watu. Hakuna aliyekosea kabisa.

Katika Keroka, mji ulio mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira kwenye barabara ya kwenda Sotik, swali hili halihitaji jumba la makumbusho. Limo katika kanda za VHS za harusi na mazishi ambazo familia zimezihifadhi tangu miaka ya 1990. Nyanda hizi za juu zina mvua nyingi, na unyevu huotesha ukungu kwenye utepe. Deki nazo zimekwisha: Funai ya Japani, kampuni ya mwisho iliyokuwa ikizitengeneza, iliacha mwaka 2016. Kanda yaweza kuwa salama sandukuni na bado isionwe na mtu yeyote.

Abagusii walikuwa na njia yao ya kukumbuka kabla ya kamera kufika. Kwa desturi, mtoto hupewa jina la jamaa aliyefariki, na jina hilo huitwa kila siku uani, shambani na sokoni. Njia hii huhifadhi jina na kuiacha sura iende. Kanda hufanya kinyume: huhifadhi sura, mwendo na sauti, na jina huliacha mikononi mwa anayetazama. Mwanateolojia Mkenya John Mbiti, katika kitabu chake African Religions and Philosophy cha mwaka 1969, alieleza kwamba marehemu hubaki karibu na jamii yake maadamu yupo aliye hai anayemkumbuka kwa jina. Akitoweka wa mwisho, marehemu huzama katika kile Mbiti alichokiita Zamani. Mbiti hakuwa akizungumzia filamu, lakini hoja yake inagusa pale udhaifu wa filamu ulipo.

Mfano wa udhaifu huo upo hapa Afrika Mashariki. Kati ya 1935 na 1937, L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha kutoka Vugiri, Usambara, jaribio la sinema ya elimu kwa Waafrika. Zilitengenezwa filamu 35, na lori likazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Zinazojulikana kubaki ni tatu. Mojawapo inawaonyesha wakulima wa Kingolwira, karibu na Morogoro. Mtazamaji wa leo huona mikono na nyuso zao waziwazi, na hana wa kumwambia yule ni nani.

Waadventista, ambao ni wengi Gusii, wanafundisha kwamba wafu wamelala hadi ufufuo. Wakatoliki huwaombea marehemu wao hasa mwezi wa Novemba. Wanatofautiana juu ya hali ya wafu, lakini wote wanakiri kwamba Mungu hamsahau mtu. Imani hiyo haimwondolei mwanadamu wajibu wake. Yoshua aliposimamisha mawe kumi na mawili kutoka Yordani, alitarajia watoto waulize maana yake na wazazi wawajibu. Bila swali na jibu, yale yangekuwa mawe tu.

Basi kunakili kanda za Keroka katika kompyuta ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu nyepesi. Nusu ya pili ni kumketisha mbele ya skrini mzee aliyehudhuria mazishi yale, kusimamisha picha kila uso unapotokea, na kuandika jina, ukoo na kijiji kabla ya kuendelea.