Mchungaji Mwenye Maji

Imam al-Bayhaqi amepokea kesi moja ya zama za Khalifa Umar bin al-Khattab. Mwanamke alizidiwa na kiu njiani. Akampitia mchungaji aliyekuwa na maji, akamwomba. Mchungaji akakataa kumpa tone mpaka ampe mwili wake, naye akakubali. Shauri lilipofika kwa Umar, aliwauliza waliomzunguka iwapo mwanamke yule astahili adhabu. Ali bin Abi Talib akasema kwamba huyu alilazimika, na rai yake ni kuwa aachiwe. Akaachiwa.

Mafakihi hulitaja shauri hili wanapofundisha hukumu ya dharura, na linastahili kutajwa. Qur'ani yenyewe, katika Sura an-Nur aya ya 33, inakataza kuwalazimisha wajakazi wafanye uzinzi kwa ajili ya mali, kisha inawaahidi msamaha wanawake waliolazimishwa. Lakini ndani ya kisa kuna mtu wa pili, naye wasimulizi humpita mbio. Mchungaji hakuwa na kiu. Hakushika upanga. Alichokuwa nacho ni maji, na uhuru wa kuyapangia bei. Anayetaka kuzungumzia maadili ya vita vya mashariki mwa Congo hana budi kuanzia kwake.

Tangu waasi wa M23 warudi vitani mwishoni mwa 2021, vijiji vya Rutshuru, Masisi na Nyiragongo vilimiminika kuelekea mji wa Goma. Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo yakawa majina ya kambi: maturubai yaliyobanana juu ya mawe ya volkano, mahali ambapo kuchimba choo kulikuwa kazi, sembuse kupanda maharagwe. Aliyeumia zaidi humo alikuwa mama aliyefika bila mume. Mwingine alimzika. Mwingine hakujua kama ni mjane, kwa kuwa mumewe alikamatwa njiani na hakuonekana tena. Shamba lilibaki upande wa pili wa mstari wa vita, na mgao wa chakula ulipokuja haukutosha kufikisha mgao uliofuata.

Basi asubuhi alikuwa na njia chache za kuchagua, na zote alizijua. Aliweza kuingia Hifadhi ya Virunga kutafuta kuni za kupikia na za kuuza, akijua kwamba humo walikuwamo wanaume wenye bunduki. Aliweza kushuka mjini kubeba mizigo ya wenye maduka. Aliweza kumwoza binti yake mapema ili kupunguza mdomo mmoja. Au aliweza kwenda kwenye vibanda vilivyoota kando ya kambi, vya pombe na vya ngono, ambako wateja walikuwa askari wa serikali, Wazalendo, yaani wanamgambo wa upande wa serikali, na raia wenye senti mfukoni. Mwaka 2023 peke yake, Madaktari Wasio na Mipaka wakishirikiana na Wizara ya Afya walitibu zaidi ya watu 25,000 walionusurika ukatili wa kingono nchini Congo, na asilimia 91 kati yao walihudumiwa Kivu Kaskazini, wengi katika kambi za kuzunguka Goma. Wengi walieleza kuwa walivamiwa walipokwenda kutafuta kuni au chakula.

Aliye mbali huuliza kwa nini walienda tena. Darfur, miaka ya 2004 na 2005, wanawake wa kambini walilijibu swali hilo bila kupepesa macho: mwanamume akienda kuni atauawa, mwanamke akienda atabakwa, kwa hiyo aende mwanamke. Hiyo ni hesabu ya mtu mwenye akili timamu. Ubaya wake uko kwa waliompa namba za kujumlisha.

Aristotle aliwahi kujiuliza kuhusu nahodha anayetupa shehena baharini ili chombo kisizame katika dhoruba. Je, ametenda kwa hiari? Hakuna mwenye akili anayetupa mali yake hivi hivi, lakini mikono iliyotupa ni yake na uamuzi ni wake. Aristotle akaviita vitendo vya namna hiyo mchanganyiko, vya hiari na vya kulazimika kwa pamoja. Mfano huo umewasaidia wanafalsafa kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na msomaji wa pwani anauelewa bila kufafanuliwa. Hata hivyo Goma unapwaya. Dhoruba ya nahodha haina mwenyewe. Haikupangwa na mtu, haimnufaishi mtu, na shehena ikishazama hakuna anayeiokota. Dhoruba ya Kivu ina majenerali, wafadhili na wateja.

Wako wanaopinga lugha hii ya kulazimika. Wanasema inawafanya wanawake waonekane vikaragosi, ilhali wengi wao wanapanga, wanabana matumizi, wanasomesha watoto kwa fedha hiyo hiyo inayowatia wengine kinyaa. Hoja hiyo ina uzito. Mwanzo sura ya 38 inamsimulia Tamari, mjane aliyedhulumiwa haki yake na ukoo wa mumewe, akajifunika uso kama kahaba, akamnasa baba mkwe wake Yuda. Yuda alipotaka achomwe moto, Tamari alitoa pete na fimbo alizochukua rehani, na mzee akakiri mbele ya watu kwamba mwanamke ana haki kumliko. Tamari hakuwa kikaragosi hata kidogo. Ni mmoja wa watu werevu zaidi katika kitabu kile. Werevu wake haukumpunguzia Yuda hatia. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja bila ugomvi: mjane aheshimiwe kwa uamuzi wake, na aliyembana mpaka akafika hapo abebe mzigo wake.

Na wageni je?

Umoja wa Mataifa hauwezi kusema haukujua. Oktoba 2003 Katibu Mkuu Kofi Annan alitoa kanuni inayokataza wafanyakazi wake kutoa fedha, ajira au bidhaa ili wapewe ngono. Machi 2005 Mwana wa Mfalme Zeid Ra'ad Al Hussein wa Jordan, akimwandikia Annan, alieleza hali aliyoikuta Congo: walinda amani wakilipa kati ya dola 1 na 3, au chakula, au ahadi ya kazi. Mwaka 2018 Ebola ikaingia Kivu Kaskazini na Ituri, ikaua zaidi ya watu 2,200 kabla ya kutangazwa kuisha Juni 2020. Waganga walikuja na magari, mishahara na vibarua vya kugawa. Septemba 2021 tume huru iliyoongozwa na Aïchatou Mindaoudou wa Niger na Julienne Lusenge, mtetezi wa wanawake wa huko huko mashariki mwa Congo, ilitoa ripoti yake: watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono, 21 kati yao wakiwa waajiriwa wa Shirika la Afya Duniani. Ajira ya usafi au ya kupika ilikuwa na bei yake. Baadaye shirika liliwapa wanawake wasiopungua 104 dola 250 kila mmoja, na ili uzipate ulipaswa kwanza kuhudhuria mafunzo ya ujasiriamali. Yaani aliyenyanyaswa ndiye aliyepelekwa darasani.

Mchungaji mwingine hukaa mbali zaidi na kisima. Aprili 2024 M23 waliteka Rubaya, Masisi, yaliko machimbo makubwa ya koltani, madini ya kutengenezea simu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kodi ya madini hayo iliwaingizia waasi dola 800,000 hivi kwa mwezi. Wataalamu hao hao walisema wanajeshi 3,000 hadi 4,000 wa Rwanda walikuwa wakipigana bega kwa bega na waasi. Januari 2025 Goma ikaanguka. Mwezi huo huo Marekani, iliyokuwa ikibeba takriban asilimia 70 ya misaada ya kibinadamu Congo, ilisimamisha fedha zake, na dawa za kuwakinga waliobakwa dhidi ya VVU, ambazo lazima zianze kumezwa ndani ya saa 72, zikawa adimu. Februari watu wa kambi za Goma wakapewa saa 72 za kuondoka. Mnunuzi wa simu jijini Berlin au Dubai hakumgusa mjane yeyote, na si haki kumweka kizimbani pamoja na mbakaji. Ila kampuni iliyonunua madini bila kuuliza yametoka wapi imelipa bei ya mchungaji, kwa risiti.

Kwamba njia nyingine ipo, alionyesha Rebecca Masika Katsuva wa mashariki mwa Congo. Mumewe aliuawa mwishoni mwa miaka ya 1990, yeye na binti zake wakabakwa, kisha akafukuzwa na ndugu za mume, jambo linalowapata wajane wengi huko ingawa Kanuni ya Familia ya Congo inamlinda mjane asitolewe nyumbani. Karibu na Minova alianzisha chama cha wanawake waliopitia aliyoyapitia, akalea mayatima, na akakodi shamba ili wanawake walime kwa pamoja na kuuza mavuno. Alifariki Februari 2016. Wazo lake halikuhitaji mkutano wa Geneva. Lilihitaji ardhi, majembe na usalama wa kuvuna, na hicho cha tatu ndicho alichonyimwa mara kwa mara.

Liko jambo ambalo msomaji wa Tanzania angependa lirukwe. Mwaka 2013 wanajeshi wa Tanzania, pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi, waliunda kikosi cha kulinda amani kilichosaidia kuwashinda M23. Watanzania wapatao 15 waliuawa Semuliki Desemba 2017, na heshima yao haiguswi na maandishi haya. Lakini mwaka 2016 Umoja wa Mataifa ulitangaza tuhuma za unyonyaji wa kingono dhidi ya wanajeshi wa Tanzania waliokuwa Mavivi, karibu na Beni. Miongoni mwa waliotajwa kuwa waathirika walikuwamo wasichana wasiotimiza umri, na yalikuwamo madai ya ubaba. Wanajeshi hawa hawakuwa wageni wa kuhitaji mkalimani. Waliongea Kiswahili na majirani zao, wakasalimiana nao shikamoo na marahaba.

Askari wa kulinda amani hashitakiwi Congo, anashitakiwa kwao. Kwa hiyo Mavivi ni suala la Dodoma na Dar es Salaam, kabla halijawa la New York. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa mama haki ya kuomba mahakama itambue baba wa mtoto na kumwagiza atoe matunzo. Watoto waliozungumzwa mwaka ule sasa wamefikia umri wa shule ya msingi. Wabunge waulizwe wamelifuatilia vipi, na maaskofu na masheikh wanaoiombea Congo amani wawaulize kwa sauti ile ile.