Kinanda, Kijitabu na Mhakiki

Kila siku hutolewa hukumu ya aina moja ambayo ni nadra kutiliwa shaka. Mtu hununua chombo kipya cha elektroniki, hukijaribu kwa siku mbili tatu, kikamshinda, kisha husema au huandika kwamba chombo hakifai. Wasomaji humsadiki, kwani yeye amekishika kwa mikono yake na wao bado. Lakini alichokishuhudia hasa ni kitu gani? Ni chombo chenyewe, au ni yale makaratasi yaliyokunjwa chini ya sanduku, yenye maandishi madogo kama mbegu za ufuta na sentensi zisizojulikana zinaanzia wapi? Na ikiwa makaratasi ndiyo yaliyomshinda, anayo haki ya kukitia chombo hatiani?

Swali hili huonekana dogo, hata la kuchekesha, mbele ya mambo makubwa ambayo wanafalsafa wamezoea kuyashughulikia. Hata hivyo ndani yake mmo suala zito la ushahidi: ni wakati gani mtu huwa na haki ya kukihukumu kitu asichokifahamu, na kutofahamu kwake kukiwa kumesababishwa na mwingine, lawama imwangukie nani? Mfano ulio karibu na wapenzi wa muziki ni ule wa kinanda cha Yamaha DX7, kilichotolewa na kampuni hiyo ya Kijapani mwaka 1983.

Asili ya kinanda hicho ni ya kushangaza. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mtunzi wa muziki John Chowning alikuwa akifanya majaribio ya mtetemo wa sauti ndani ya kompyuta. Msikilizaji wa taarabu anaujua mtetemo huo: ndio ule anaoupata mpiga fidla anapoitikisatikisa ncha ya kidole juu ya uzi. Chowning aliuharakisha kupita kiasi ambacho kidole cha binadamu kingeweza, akagundua kwamba ukifika mbali sikio halisikii tena mtetemo, bali husikia sauti mpya kabisa, mara ya kengele, mara ya tarumbeta. Wimbi moja lilikuwa likilitikisa jingine, na kwa mawimbi mawili tu ilizaliwa sauti tajiri. Makampuni ya vinanda ya Marekani yalielezwa jambo hilo, hayakuiona faida yake, yakakataa. Mhandisi wa Yamaha, Kazukiyo Ishimura, alielezwa jambo lilo hilo akalifahamu upesi. Baadaye haki za ugunduzi huo zilikiingizia chuo zaidi ya dola milioni 20. Basi hata hukumu ya kwanza kabisa, kabla kinanda hakijaundwa, ilitegemea ni nani aliyefahamu maelezo na ni nani aliyeyasikiliza bila ya kuyafahamu.

DX7 iliuzwa Marekani kwa dola 1,995, na vikanunuliwa vinanda zaidi ya 150,000. Sauti yake ya piano ya umeme imo katika nyimbo za mapenzi za miaka ya 1980 kwa wingi hata asiyekijua kinanda hicho kwa jina hukijua kwa sikio. Ndani yake mlikuwa na mawimbi sita yaliyoweza kupangwa kwa njia 32 za kutikisana, kila wimbi na namba zake za kupanda na kushuka, jumla yake zaidi ya 100 kwa sauti moja tu. Juu yake palikuwa na vitufe bapa, kitelezo kimoja cha kubadilishia namba, na kioo kidogo cha mistari miwili yenye nafasi ya herufi 16 kila mmoja. Kilichohitaji ramani nzima kilitazamwa kwa tundu la ufunguo. Minimoog, kinanda cha Marekani cha mwaka 1970, kilikuwa na vifundo vya kuzungusha, kila kimoja na kazi yake. Aliyetaka sauti ing'are alizungusha akasikia. Katika DX7 mtu aliibadilisha 73 ikawa 74, akasikia hakuna kilichotokea. Akaibadilisha namba nyingine, kikatoka kishindo cha mabati.

Hapo ndipo kijitabu kilipotakiwa kufanya kazi yake. Upungufu wake unaonekana katika vitabu vilivyokuja kuuziba. Mwaka 1986 Howard Massey alichapisha kitabu kizima cha kumfundisha mwenye DX7 namna ya kukitumia alichokwisha kukinunua. Mwaka huo huo Chowning mwenyewe, pamoja na David Bristow, aliandika kitabu kingine kilichochapishwa na Yamaha, na jina lake likasisitiza kwamba kimeandikwa na wanamuziki kwa ajili ya wanamuziki. Kampuni ikikiri jambo hukiri kwa namna hiyo, kwa jalada jipya. Lakini miaka mitatu ilikuwa imekwisha pita, na hukumu ilikuwa imekwisha tolewa: DX7 ni chombo kigumu, sauti yake ni baridi, na kila anayekipiga hulingana na mwenziwe.

La kwanza lilikuwa kweli. Ya pili na ya tatu yanataka kuchunguzwa. Kinanda kilitoka kiwandani na sauti 32 katika kumbukumbu yake, na wapigaji wengi hawakuzigusa. Waliyoyaita mapungufu ya DX7 aghalabu yalikuwa mapungufu ya sauti hizo, yaani kazi ya watu wachache walioajiriwa kuzitunga. Mwanamuziki wa Uingereza, Brian Eno, aliyekikalia kinanda hicho miaka mingi na kujitungia sauti zake mwenyewe, alitoa humo sauti laini za ukungu zisizofanana hata kidogo na ile kengele iliyochosha masikio ya watu. Aliyesema chombo ni baridi alikuwa kama mtu aliyepewa diwani, akasoma orodha ya yaliyomo, kisha akaketi kuyahakiki mashairi. Na bado hakuwa mwongo! Alisema alichokisikia. Kosa lilikuwa katika jina alilolipa alichokisikia.

Waundaji wa vyombo wana jibu lao la zamani kwa malalamiko kama haya: mnunuzi hakusoma. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Jibu hili lina ukweli kidogo, kwani watu hawasomi. Mtu akifungua sanduku hutaka kuwasha, hataki kufundishwa. Lakini aliyeandika sentensi isiyosomeka hawezi kumshitaki msomaji kwa kutoisoma. Sheria ya Ujerumani ililiona hilo. Tangu mwaka 2002 kanuni yake ya madai, kwa kufuata agizo la Jumuiya ya Ulaya la mwaka 1999, ilihesabu kwamba kitu cha kuunganishwa na mnunuzi kina kasoro ikiwa maelekezo ya kukiunganisha yana kasoro, isipokuwa mnunuzi amefaulu kukiunganisha hata hivyo. Mbao zaweza kuwa nzima na skurubu zote zimetimia. Karatasi ikiwa mbovu, kabati ni bovu. Tangu mwaka 2022 kanuni hiyo inataja pia maelekezo mengine ambayo mnunuzi ana haki ya kuyatarajia. Mwanasheria hapa amemtangulia mwanafalsafa.

Uholanzi nako, mwaka 2006, Elke den Ouden aliwasilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Eindhoven kuhusu vyombo vinavyorudishwa madukani. Aliona kwamba karibu nusu yake havikuwa na hitilafu yoyote ya kiufundi. Vilikuwa vizima, wenyewe hawakuweza kuvitumia. Aliwapa wakubwa wa Philips bidhaa mpya waende nazo nyumbani mwisho wa juma, nao wakarudi wamekasirika kama wanunuzi wengine. Hata hivyo Den Ouden hakuishia kwenye kijitabu. Kwa maoni yake mengi ya matatizo hayo yalianzia mwanzoni kabisa, pale chombo kilipokuwa bado wazo mezani. Fikra hii ni ya kuzingatiwa, kwa kuwa kuna vyombo ambavyo hata mwandishi hodari hawezi kuvieleza, kama ambavyo hakuna mfasiri awezaye kuipa maana sentensi ambayo mwenyewe aliyeitunga hakuwa na maana nayo.

Mpenzi wa ushairi anaweza kupinga. Mbona shairi gumu husifiwa? Mbona husemwa kwamba fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, na hakuna anayelirudisha dukani? Pingamizi hili lina uzito, na jibu lake halipatikani kwa kusema tu kwamba ushairi ni sanaa na kinanda ni bidhaa. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi zama za Seyyid Said, zimejaa mafumbo ya siasa na ya mji. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua alizikusanya na kumfafanulia mmisionari W. E. Taylor, na kazi hiyo ndiyo iliyouwezesha mkono wa Hichens kuitoa diwani mwaka 1940. Bila ya ufafanuzi wa Sikujua mengi yangebaki yamefungwa, na msomaji wa mbali angeweza kusema kwa dhamiri safi kwamba Muyaka hana maana. Ugumu wa Muyaka, lakini, ulikuwa sehemu ya alichokitoa. Wasikilizaji wake walijua kuwa wanafumbiwa, na kulifumbua fumbo ndiyo ladha yenyewe. Aliyenunua kinanda aliahidiwa sauti. Hakuahidiwa kitendawili cha namba ya kuifikia sauti. Fumbo ambalo mtu hakualikwa kulifumbua ni mlango uliofungwa tu.

Sasa mhakiki afanye nini? Mazoea ya biashara ni kwamba anayeandika tathmini hupelekewa chombo kabla ya watu wote, na pengine pamoja nacho huja simu ya mtaalamu wa kampuni ya kumwelekeza. Akiukubali msaada huo huielewa bidhaa vizuri zaidi, na huandika kwa haki kuhusu mvumbuzi. Lakini atakuwa ameshuhudia jambo ambalo mnunuzi hatalipata kamwe. Akiukataa, akabaki na kijitabu peke yake, atamshuhudilia mnunuzi kwa ukweli, huku akimdhulumu mvumbuzi aliyefanya kazi ya miaka kumi na kuharibiwa na mwandishi wa wiki mbili. Deni lake ni kwa wote wawili, na hana sarafu moja ya kulilipia. Anachoweza ni kuzitenga shahada zake: aseme chombo kinaweza nini kikijulikana, aseme pia njia ya kukijua ilimgharimu saa ngapi na kwa msaada wa nani. Nyota tatu kati ya tano zinayachanganya mambo hayo mawili kama mchele na chuya. Anayezisoma hawezi kujua kama nyota mbili zilizopungua zimepunguzwa na mashine au na sarufi.

Mtu asiyetajwa kabisa katika mashauri haya ni yule aliyekiandika kijitabu. Mvumbuzi ana jina, mhakiki ana jina. Yeye hana, na mfasiri wake ndiyo kabisa. Kazi yake aghalabu huja mwisho, fedha zikiwa zimekwisha na tarehe ya kutoa bidhaa imekwisha tangazwa. Katika maduka ya Darajani, ambako shehena za Dubai hushushwa, vijitabu huja na lugha kwa safu, Kiingereza, Kiarabu, Kichina, Kifaransa, na ni nadra sana Kiswahili kuwamo. Mnunuzi wa hapo huuliza jirani au kijana wa dukani, na elimu ya chombo hupita mdomo kwa mdomo pamoja na makosa yake yote. Akisema chombo kibaya, ni vigumu kuujua urefu wa njia ambayo neno hilo limeupita.

Kinanda cha mwaka 1983 hakitengenezwi tena. Lakini katika muongo wa 2010 ilitokea programu ya bure iitwayo Dexed, inayofanya hesabu zile zile ndani ya kompyuta ya kawaida na kupokea sauti zile zile za DX7. Tofauti ni kwamba kwenye kioo chake mawimbi yote sita huonekana kwa pamoja, kila moja na umbo lake la kupanda na kushuka, na mchoro wa nani anamtikisa nani. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa DX7 ilipotoka hujifundisha humo na kuzibadilisha namba zilizowashinda wakubwa wao. Hesabu ni ile ile. Ni picha tu iliyoongezwa.