Kina Kilichokuwemo: Je, Anayefufua Kazi ya Kale Ana Haki ya Kuibadilisha?

Mtu anapochukua kazi iliyobuniwa na wengine miaka mingi iliyopita na kuitoa upya, je, ana haki ya kuonyesha ndani yake kitu ambacho watazamaji wa kwanza hawakukiona? Swali hili limezoeleka kwa wahariri wa tenzi na kwa wanaokarabati majengo ya kale. Katika insha hii ninalipeleka mahali ambapo sisi wanafunzi wa Kiswahili hatufiki mara nyingi, yaani kwenye michezo ya video. Huko lilijibiwa kwa vitendo, na jibu lake linatuhusu.

Katika miaka ya 1980, kampuni ya Sega ya Japani ilitengeneza michezo iliyochezwa kumbini kwenye mashine kubwa za kutumbukiza sarafu. Space Harrier ilitoka mwaka 1985, OutRun mwaka 1986 na After Burner mwaka 1987, zote zikiongozwa na mbunifu Yu Suzuki. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2012, Sega ikishirikiana na kampuni iitwayo M2 ilianza kutoa upya michezo yake ya zamani kwa ajili ya Nintendo 3DS, kifaa cha mkononi kilichoingia sokoni mwaka 2011. Kioo cha kifaa hicho hutoa picha mbili zinazotofautiana kidogo, moja kwa kila jicho, na kwa hiyo mtazamaji huona kina bila kuvaa miwani. Barabara ya OutRun, ambayo kwa zaidi ya robo karne ilikuwa mchoro juu ya kioo bapa, sasa ilizama ndani kama barabara inayoonekana kupitia dirishani.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuiharibu kazi. Mwacha asili ni mtumwa, nao wanadai kwamba anayependa mchezo wa mwaka 1986 aucheze ulivyokuwa mwaka 1986. Hoja hii ina uzito. Kazi ya kale ni ushahidi wa jinsi watu wa wakati wake walivyofikiri na walivyoweza, na anayeubadilisha ushahidi huwadanganya wanaokuja baadaye.

Hata hivyo, hoja hiyo inachukulia kwamba ipo njia ya kuuhamisha mchezo bila kuubadilisha. Njia hiyo haipo. Mashine za OutRun na Space Harrier za hali ya juu zilikuwa na kiti cha kukalia, na kiti hicho kiliyumba pamoja na mchezo. Ukiondoa kiti, ukaondoa ukumbi na kelele zake, kisha ukaibana picha ndani ya kioo kinachoenea kiganjani, tayari umebadilisha mengi hata kama hukugusa nukta moja ya mchoro. Anayesema “nimeuacha ulivyo” amechagua tu nini kipotee. Kwa hiyo swali la haki haliulizi kama tubadilishe au tusibadilishe. Linauliza ni badiliko lipi ambalo kazi yenyewe inaliruhusu.

Hapa utendaji wa mashine zile unatusaidia. Hazikuwa na uwezo wa kujenga ulimwengu wa pande tatu. Zilichofanya ni kuchukua picha bapa ya mti na kuikuza kwa kasi kadiri mchezaji alivyoukaribia. Lakini ili mashine ijue ikuze mti upi na kwa kiasi gani, ilibidi programu ihesabu kila mti uko umbali gani. Umbali ulikuwemo tangu mwanzo, kama tarakimu. Kioo cha wakati ule ndicho kilichoshindwa kuuonyesha. M2 walipoipa barabara kina, waliifungulia njia hesabu iliyokuwa imefichwa na uhaba wa vifaa.

Kwa sisi tunaosoma Kiswahili hapa Uganda, jambo hili halipaswi kuwa geni. Tenzi za kale ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na hati hizo kwa kawaida zina alama tatu tu za irabu. Alama moja hubeba “i” na “e”, nyingine hubeba “u” na “o”. Anayehamishia utenzi kwenye herufi za Kilatini hukutana na neno linaloweza kusomwa “pinda” au “penda”, naye hana budi kuamua. Je, ameongeza kitu? Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini mtunzi alipotamka, alitamka neno moja kati ya hayo mawili. Hati ndiyo haikuwa na alama ya kutosha. Mhariri mwaminifu huongeza kile ambacho kazi ilikuwa nacho na chombo chake kikashindwa kukibeba.

Kutokana na hilo napendekeza kanuni ya kwanza: badiliko ni halali likitoka ndani ya kazi. Kanuni hii hututenga pia na wale wanaodhani kwamba, kwa kuwa kila uhamisho ni badiliko, basi kila badiliko ni sawa. Tuchukue Sonic the Hedgehog wa mwaka 1991, uliotengenezwa kwa ajili ya mashine ya nyumbani ya Mega Drive na baadaye ukaingizwa katika mradi huu huu. Mandhari yake imepangwa kwa tabaka bapa, na mashine ilikuwa na tabaka mbili tu za mandhari. Ili kuugawia kina, M2 walibuni ndani ya programu mashine ya kufikirika yenye tabaka zaidi, wakaiita Giga Drive. Matokeo yanapendeza, lakini hapa mhariri amesogea kutoka kusoma hadi kutunga. Mpangilio wa vilima na mawingu ulidokeza kipi kiko mbali, ila haukusema ni kwa kiasi gani. Sisemi ni kosa. Nasema anayefika hapo anahitaji tahadhari kubwa kuliko aliyekuwa na tarakimu mkononi.

Kanuni ya pili ni kumwachia mpokeaji uamuzi. Ubavuni mwa 3DS kuna kitufe cha kutelezesha. Kikishushwa hadi chini, kina hutoweka na picha hurudi kuwa bapa. Katika OutRun mpya ziliongezwa nyimbo mbili, lakini ziliwekwa kando ya zile tatu za Hiroshi Kawaguchi, na mchezaji huchagua mwenyewe redioni. Mimi nilizaliwa baada ya zama za mashine zile. Nilizijua kupitia kifaa cha mitumba cha mwenzangu wa chumbani. Mara nyingi nilitelezesha kitufe kile juu na chini kwenye kona ileile ya barabara, na kila mara nilijua ninatazama ya zamani au tafsiri yake. Uwezo huo wa kulinganisha ni heshima kwa msomaji, sawa na mhariri anapochapisha picha ya mswada mbele ya maandishi yake.

Kwa vipimo hivi viwili, mradi wa Sega na M2 ni mfano mwema. Udhaifu wake umo katika kanuni ya tatu, nayo ndiyo nzito zaidi kimaadili: kilichofufuliwa kiendelee kufikika. Michezo mingi ya mradi huu iliuzwa moja moja kupitia duka la mtandaoni la kifaa. Duka hilo liliacha kuuza mwezi Machi mwaka 2023. Waliokwisha kununua waliweza kuendelea kupakua walivyolipia, lakini mlango wa mnunuzi mpya ulifungwa. Mkusanyo wa kaseti ulitolewa Marekani mwaka 2016, lakini OutRun haikuwemo. Space Harrier pia haikuwemo katika mkusanyo huo. Ni kweli kwamba michezo yote miwili ilitolewa tena kwa ajili ya Nintendo Switch, lakini kifaa hicho hakina kioo cha kina. Mchezo umesalia, usomaji ule umebaki nje.

Mtetezi wa biashara atajibu kwamba kampuni haiwezi kulazimishwa kuendesha duka lisilo na faida. Nakubali. Lakini kushindwa kuuza ni jambo moja, na kushika ufunguo wa mlango uliofungwa ni jambo jingine. Anayesema “nimeirudisha kazi hii kwa vizazi vipya” ametoa ahadi, na ahadi hiyo haina tarehe ya mwisho. Kwa maneno yetu, ameshika amana. Mali mtu huifanya apendavyo. Amana hutunzwa kwa ajili ya mwenyewe, na mwenye kazi ya kale ni pamoja na mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Hivyo, kwa maoni yangu, anayefufua kazi ya kale ana haki ya kuibadilisha endapo badiliko limetoka ndani ya kazi na linaweza kuondolewa na anayeipokea. Lakini haki hiyo huja na deni. Akishaifungua, hana ruhusa ya kuizika mara ya pili. Asiyeweza kuendelea kuitunza aiweke mahali ambapo maktaba na wasomi wataweza kuifikia, kama walivyofanya wenye miswada waliokubali inakiliwe kabla mchwa hawajaifikia.